Mtu wa Kuniangalia Nyayo

Vidole viwili vya mguu wangu wa kushoto sinavyo tena, na jicho moja linaona kama mtu anayechungulia kutoka ndani ya chandarua. Ukiacha hayo, mimi ni mzima. Nalima bustani, nasali, nagombana na mume wangu, na juzi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Naanza na hilo kwa sababu namjua atakayesoma hapa. Ni mtu aliyepimwa jana, akaambiwa ana sukari, akarudi nyumbani kuanza kugawa kanga zake. Mwenzangu, zirudishe sandukuni hizo kanga, kisha ukae nikusimulie.

Jina langu Mwanaidi. Nina miaka sabini na kitu. Mama aliniambia nilizaliwa mwaka wa mafuriko, lakini mafuriko kwetu ni mengi, basi hapo kila mtu anakisia lake. Naishi delta ya Rufiji, upande wa Salale, kijiji cha mikoko na mashamba ya mpunga, ambako ukitaka kwenda popote unauliza kwanza maji yanajaa saa ngapi. Mume wangu ni Shaweji. Tangu tulipompata binti yetu namwita Baba Hadija, naye ananiita Mama Hadija. Huyo Hadija ni mtu mzima sasa, fundi cherehani, ameolewa Kibiti mjini.

Ugonjwa ulianza kwa kiu. Ilikuwa wakati wa kaskazi, jua linachoma, kwa hiyo sikushtuka. Nilikunywa maji kata juu ya kata, na kila nilichokunywa kilitaka kutoka. Shambani wenzangu wakanicheka: "Mama Hadija, unamwagilia mpunga?" Nami nikacheka nao. Kisha magauni yakaanza kunipwaya. Pete ya ndoa ilinitoka kidoleni nikifua, nikaitafuta kwenye tope mpaka nikaipata, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Nilikuwa nakula kuliko zamani, na bado nakonda.

Jirani yangu Bi Somoe ndiye aliyesema kwanza. Alitoka chooni kwangu siku moja, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Mwanaidi, sisimizi wamejipanga kule kama wanakwenda harusini. Hiyo ni sukari. Marehemu kaka yangu alianza hivi hivi."

Nilimkasirikia wiki nzima. Nilidhani sukari ni ugonjwa wa watu wa mjini, wanaokaa vitini na kunywa soda. Mimi nimeinama shambani tangu sijavunja ungo, nikae na sukari ya wapi?

Hadija alipokuja Idi, alinishika mkono kunisalimia, akabaki ameushika. Kesho yake maji yalipojaa tukapanda boti mpaka Nyamisati, bodaboda mpaka Bungu, na kutoka Bungu gari mpaka Kibiti. Nilishuka nimechoka kama nimetembea njia nzima kwa miguu.

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya sukari, nikueleze. Watu hawazungumzi sana mwanzoni. Kila mmoja anatazama miguu ya mwenziwe. Yuko aliyevaa kandambili na bandeji, yuko wa magongo, na yuko kijana mnene anayetazama simu ili asitazame miguu. Mimi nilijifunika kanga mpaka puani, nikijiambia kwamba nimekosea mlango.

Nesi aliyetuita ni binti wa Mbeya, nitamwita Neema. Alinichoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine, akangoja. Kile kimashine kilikataa kutoa namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepita kipimo chake.

"Bibi, umekujaje mpaka hapa?" akauliza.

"Kwa boti na pikipiki."

"Hapana. Nauliza, umepata wapi nguvu?"

Walinilaza siku nne, wakanitundikia maji, wakaniruhusu na vidonge. Mwezi haukuisha, kiu ikakatika, nyama ikarudi mashavuni. Na hapo nikafanya kosa ambalo nakuomba wewe usilifanye. Nilipojisikia vizuri, niliacha dawa. Sikuziacha kwa hasira wala kwa kukosa, nilijiona tu nimepona. Nani anakunywa dawa ya homa wakati homa imekwisha? Vidonge vilivyobaki nilivitia kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati. Baba Hadija alipouliza, nilimwambia nimemaliza.

Sukari haikunidai chochote mwaka ule. Ilikaa kimya tu. Nyayo zikaanza kuwaka moto jioni, kama nimekanyaga makaa. Baadaye moto ule ukazimika, nikamshukuru Mungu. Kumbe ulizimika kwa sababu miguu yenyewe ilikuwa inakufa ganzi.

Masika yaliyofuata nilikuwa napandikiza mpunga, miguu mitupu kama siku zote. Nilijua nimekatwa nilipoona tope limeingia wekundu. Nikainua mguu, gamba la chaza limejichomeka chini ya vidole, limezama. Nikalichomoa mwenyewe. Sikusikia maumivu, hata kama ya mwiba. Hilo ndilo lililonitisha, ila nikalinyamazia.

"Kidonda cha shamba hicho," alisema Baba Hadija. "Kitakauka."

Hakikukauka. Akanivusha kwa mtumbwi kwa mganga mmoja upande wa pili wa mto. Yule mtu hakuwa mbaya, na alisema kweli kwamba ameponya vidonda vingi. Alitwanga majani, akanyunyiza majivu, akafunga kwa kitambaa, akasema tusifungue. Wiki tatu hatukufungua. Nilikuwa nachoma udi chumbani, nasingizia mbu, lakini sote wawili tulijua tunaficha harufu gani.

Bi Somoe ndiye aliyempigia Hadija simu. Hadija akaja, akachuchumaa, akafungua kitambaa. Aliponyanyua uso hakunitazama mimi. Alimtazama baba yake.

"Baba, mguu unaoza, na wewe unaufungia majani?"

"Usiniinulie sauti ndani ya nyumba yangu."

"Nitainua. Ungekuwa mguu wako, mama angekaa wiki tatu?"

Mume wangu akatoka nje. Alikwenda kuandaa mtumbwi wa kutufikisha kwenye boti, akatuingiza, akatusukuma, akabaki amesimama majini mpaka magotini. Hakupanda. Miaka hamsini ya ndoa, nami nikampungia mkono kama mgeni.

Daktari wa hospitali tuliyopelekwa alikuwa mtu wa maneno machache. Alivikata vidole viwili, na aliponitembelea baada ya hapo akasema, "Tumewahi kidogo, bibi. Mngechelewa wiki moja zaidi, tungekuwa tunazungumza habari za goti." Nilimshukuru. Kisha akatoka, nikajifunika shuka, nikalilia vidole vile kama watoto. Usione ajabu ukililia kiungo chako. Kilikubeba.

Siku ya tisa Baba Hadija alikuwa bado hajaja. Hadija alikuwa akileta uji na supu ya samaki, na jina la baba yake hatulitaji. Siku hiyo Neema alipita wodini kunisalimu, kwa kuwa alikuwa na ndugu amelazwa kitanda cha jirani.

"Bibi," akaniambia, "kuna mzee wa kofia nyeupe amekaa pale nje kwenye benchi siku ya tatu leo. Kila saa ya kuona wagonjwa anasimama, anafika mlangoni, anarudi kukaa. Nilimuuliza anamngoja nani, akasema anamngoja mkewe apone."

Nikamwomba amwingize. Alikuja amekonda. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akatazama ile bandeji, akatazama sakafu.

"Mimi ndiye niliyekuchelewesha," alisema.

"Dawa niliziacha mwenyewe. Ziko kwenye kopo la majani ya chai."

Akavua kofia yake. "Nilijua. Niliziona."

Tukatazamana. Yeye alijua nami nilijua, na kila mmoja alikuwa akimwogopa mwenziwe kwa adabu. Hadija alipoingia na chupa ya uji alimkuta baba yake ameshika mguu wangu mzima, juu ya shuka. Akasema, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Hawakuombana radhi kwa maneno, lakini uji ule tulikunywa watatu kwa kikombe kimoja.

Kipupwe chote nilikaa Kibiti kwa Hadija, kidonda kikisafishwa kila siku mbili. Vidonge peke yake havikutosha tena, wakanianzisha sindano ya insulini, asubuhi na jioni. Niliiogopa kuliko kisu. Siku ya kwanza Neema alinishika mkono, tukachoma pamoja pembeni ya kitovu. "Tayari?" nikauliza. "Tayari," akasema. Sindano yenyewe fupi, nyembamba kama unywele. Mchomo wa kidoleni unauma zaidi. Kama hicho ndicho kinachokufanya uikimbie kliniki, rudi.

Taabu haikuwa sindano, ilikuwa wapi niishi. Hadija alikwisha amua. Alinishonea mapazia ya chumba, akaninunulia kitanda.

"Mama harudi delta," alimwambia baba yake alipokuja kututazama. "Ile dawa inataka friji. Huko friji iko wapi? Na mguu ukipata kidonda kingine nani ataona? Hamieni hapa wote."

"Nije kufanya nini hapa? Kutazama mabasi?"

"Basi kaa huko, mama abaki."

Mimi nilikuwa katikati, nachambua mchicha. Hakuna aliyeniuliza. Nikauweka chini ule ungo, nikasema, "Mimi si mzigo wa kuulizana nani ataubeba. Nataka kwangu." Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Hadija akaingia ndani kwenye cherehani, tukasikia akishona kwa hasira.

Siku ya kliniki nilimpeleka Baba Hadija kwa Neema. Nikamweleza Neema shauri lote, mbele yake. Hakucheka. Aliuliza kama kijijini tuna mitungi. Tukacheka sisi. Basi akatufundisha: chukua mtungi mkubwa, tia mchanga, weka mtungi mdogo ndani yake, zungusha mchanga, loanisha mchanga asubuhi na jioni. Dawa, ikiwa imefungwa vizuri isiingie maji, inakaa kwenye ule mdogo, unafunika kwa kitambaa kibichi, kivulini, penye upepo. Si friji, lakini insulini inastahimili mpaka siku ya kwenda kuchukua nyingine.

"Hilo la kwanza," akasema. "La pili, mzee, sogea hapa. Shika mguu wa bibi."

Baba Hadija akageuka kutazama watu kwenye benchi. "Mbele za watu?"

"Mbele za watu. Bibi nyayo zake hazihisi, na jicho lake moja halioni vizuri. Anahitaji macho ya mtu mwingine. Tazama kati ya vidole. Tazama kisigino, kama kuna ufa. Gusa, kama kuna penye joto kuliko pengine."

Mzee yule, ambaye tangu nimjue hajaosha hata kikombe, akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akainama. Aliangalia mguu wangu taratibu, kama anavyokagua wavu. Benchi zima likageuka kutazama. Alipomaliza alisema, "Hapa kisiginoni pana ufa mdogo." Neema akatazama. Kweli ulikuwepo, na yeye mwenyewe asubuhi hakuuona.

Hadija alikubali kwa masharti. Simu kila Ijumaa, kliniki kila mwezi bila kukosa, na buti za shambani ambazo alizinunua yeye, kubwa kidogo ili nivae na soksi. Siku ya kuondoka alilia, nami nililia, lakini kilio kile hakikuwa kibaya.

Tukarudi mwanzo wa vuli. Nikuambie sasa namna ninavyoishi, ujue kwamba hakuna miujiza. Kabla ya kuvaa kiatu chochote nakikung'uta, maana mtu asiyehisi anaweza kutembea na jiwe siku nzima. Wali sikuuacha. Atakayekuambia ukae delta usile wali, huyo hajui wali. Ila nala kisahani kimoja, kilichobaki ni kisamvu au majani ya kunde, na samaki. Chai bila sukari ilinishinda mwezi mzima, na sasa yenye sukari ndiyo inayonishinda. Shughulini wananiwekea sahani yangu pembeni, na mwanzo niliona kama nimetengwa. Siku hizi wapo wanaokuja kula nami upande ule ule, nawe ukiwatazama unajua na wao wamepimwa.

Na kila jioni, baada ya alasiri, wakati bado pana mwanga, naosha miguu, naikausha, nakaa kwenye mkeka. Baba Hadija anavaa miwani. Tunaongea habari za siku huku anaangalia. Ukiniuliza uzee wangu umepata nini kizuri, nitakutajia nusu saa hiyo.

Lakini sikuwa nimejifunza yote. Ramadhani ikaja.

Daktari alikwisha nikataza kufunga. Imamu wetu naye akaniambia waziwazi: mgonjwa wa namna yangu hafungi, analisha maskini kila siku, na Mungu anamjua mja wake. Nilisema nimeelewa. Tukapanga sahani ya kila jioni iende kwa mzee mmoja asiyejiweza, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Lakini tangu nilipokuwa msichana sijawahi kula mchana wa Ramadhani ila kwa hedhi au uzazi, na hata hapo nilijificha. Siku ya kwanza nilikula nyuma ya nyumba, nimesimama, kama mwizi. Siku ya pili sikuweza. Nikajichoma sindano yangu asubuhi, nikamwambia Baba Hadija nimekula, nikaenda kupalilia mboga.

Jua halikuwa limepanda sana. Mikono ikaanza kunitetemeka. Jasho la baridi likanishuka mgongoni, moyo unakwenda mbio, na jembe likawa zito kama mti. Nilijua ni nini. Neema alinifundisha: sukari imeshuka, tia kitu kitamu mdomoni hapo hapo. Kipande cha sukari kilikuwa kwenye pindo la kanga yangu. Sikukigusa. Nilisema moyoni, itapita. Kisha nikajikuta nimekaa chini.

Niliisikia sauti yake kwa mbali, halafu karibu. Kikombe kikaniegemea mdomoni, maji ya sukari. Nikabana meno.

"Fungua mdomo!"

Miaka hamsini hajapata kunipigia kelele. Nilifungua kwa mshtuko.

Nilipopata fahamu vizuri, kichwa changu kilikuwa mapajani mwake na kofia yake imeanguka kwenye mchicha.

"Kwa nini?" akauliza.

"Naona haya. Watu wanapita. Somoe anapita. Mtu mzima kama mimi, nile mchana?"

Alinisaidia kuinuka, akanipeleka ndani, akanilaza, akakaa mlangoni mpaka adhuhuri.

Kesho yake nilipomaliza kujichoma sindano nilisikia kuni zinavunjwa. Nikatoka. Baba Hadija alikuwa jikoni, amechuchumaa, macho yamejaa moshi, anakoroga uji wa mtama. Yeye amefunga. Nikasema, "Niachie mimi." Akasema, "Kaa barazani."

"Nyuma ya nyumba si—"

"Nimesema barazani."

Akauleta uji kwenye bakuli kubwa, akauweka mbele yangu, mahali ambapo kila apitaye njiani anaona. Akavuta kigoda, akakaa kando yangu, tasbihi mkononi. Na kweli, haukupita muda, Bi Somoe akatokea na ndoo yake. Aliona bakuli, akapunguza mwendo. Nikaweka kijiko chini.

"Asalaam alaykum, Shaweji," akasema.

"Wa alaykum salaam. Somoe, mke wangu anakula dawa yake."

Bi Somoe alinitazama. Kisha akatua ndoo.

"Marehemu kaka yangu tulimwacha afunge," alisema. "Tukamsifu." Akainua ndoo yake, akaiweka kichwani. "Kula, Mwanaidi. Na kesho nitakuletea maboga." Akaenda zake.

Nikachota kijiko, nikaonja. Uji ulikuwa wa chumvi, kama mtu amechota maji mtoni wakati wa bamvua, bahari imepanda mpaka ndani. Aliupika akiwa na saumu, hakuthubutu kuuonja hata kwa ncha ya ulimi.

"Umekolea?" akaniuliza.

"Umekolea, Baba Hadija," nikasema, nikaula wote, mpaka nikakwangua bakuli.